WATU WALIOKWENDA KWA MIGUU

Montgomery ni mji wa inchi ya Marekani. Zamani, sheria ya pale iliagiza watu weupe waketi mbele katika basi, watu weusi nyuma.

Tarehe 1 Desemba 1955, Rosa Parks, mwanamke mweusi, mshona nguo, alikuwa akirudi kutoka kazini. Shofere alimwamuru amwachie mtu mweupe kiti. Alikataa. Polisi wakamkamata.

Watu weusi wakapatana kutopanda tena. Siku 381 wengi walikwenda kazini kwa miguu. Kiongozi wao, Martin Luther King, aliwaonya wasilipe ubaya kwa ubaya. Mwisho wa 1956, waamuzi wakuu waliivunja sheria ile.

Maulizo:
1. Rosa Parks alikamatwa kwa sababu gani?
2. Watu walishindaje pasipo vita?