Samaki Mwindaji Katika Tangi la Nyumbani: Mwongozo na Onyo kwa Wakazi wa Madibira

Sababu ya kijitabu hiki

Kwa kuwa desturi ya kufuga samaki katika matangi ya vioo imeingia hata huku Usangu, na kwa kuwa yatufikia malalamiko ya watu walionunua samaki mdogo wa kupendeza, wakaja kutanabahi baadaye kwamba wamemlea mlaji mkubwa aliyewamaliza wenziwe wote tangini, tumeona ni faradhi yetu kumweleza kila atakaye kufuga samaki wa namna hiyo ni nani anayemwingiza nyumbani mwake, na zaidi ya hayo, ni wapi asipopaswa kabisa kumtoa. Asiyeyaamini maneno ya maofisa hatumlaumu. Twamwomba asome mpaka mwisho, kisha ayapime kwa akili yake mwenyewe.

Neno lenyewe ni moja, nasi tutalikariri: samaki wa tangini hatupwi mferejini.

Maji yetu yaendako

Maji yanyweshayo majaruba ya skimu ya Madibira, ambayo eneo lake ni takriban hekta 3,000, hutoka mto Ndembera, na yanayobaki baada ya mpunga kunywa hushuka kwa mifereji hadi bonde la Ihefu, yakatokea Ng'iriama na kuingia Ruaha Mkuu, yakapita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yakajaza mabwawa ya Mtera na Kidatu, na hatimaye yakaungana na Rufiji kwenda baharini. Amwagaye ndoo moja nyuma ya nyumba yake hapa, amemwagia nusu ya nchi.

Katika mito hiyo wamo viumbe ambao Mwenyezi Mungu hakuwaweka mahali pengi: yumo perege wa asili wa Rufiji, na yumo yule samaki wa meno makali aitwaye na wataalamu Hydrocynus tanzaniae, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1986, asiyepatikana duniani ila katika mito ya Tanzania. Nao perege wenyeji wamekwisha kupata dhara, maana sato walioletwa kwa ajili ya ufugaji wameingia katika mito ya mashariki ya nchi, wakachanganya mbegu nao.

Ushahidi wa yaliyotokea

Asemaye kwamba samaki mmoja hana athari, na alitazame Ziwa Viktoria, ambako katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alitiwa sangara, samaki awezaye kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Akakaa kimya miaka mingi hata watu wakamsahau, kisha katika miaka ya 1980 akazagaa ziwa zima, na furu, waliokuwa wa namna mamia kadhaa, wakatoweka kwa wingi usiokadirika kwa urahisi. Kweli sangara ameleta viwanda na fedha Mwanza. Lakini furu waliopotea hakuna fedha iwezayo kuwarudisha.

Na asemaye kwamba hayo yalikuwa matendo ya serikali, wala hayamhusu mwenye tangi la sebuleni, na ajue habari za samaki wa jamii ya Pterois, wenye miiba ya sumu, ambao kwao ni miamba ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, pamoja na ya pwani yetu. Katika miaka ya 1980 walianza kuonekana Florida, Marekani, na rai ya wataalamu ni kwamba walitoka katika matangi ya wafugaji. Leo wameenea Karibea yote wakila vitoto vya samaki wa huko. Kwa hiyo twarudia: hatupwi mferejini, hata akiwa mmoja, hata akiwa mdogo.

Namna ya kuchagua

Aghalabu anayemtupa samaki si mtu mwovu, bali ni aliyechagua vibaya. Basi hadhari huanza dukani. Usimpime samaki kwa urefu alio nao siku ya kumnunua, bali kwa urefu atakaokuwa nao akikomaa, na tangi lisipungue mara nne ya urefu huo kwa marefu, wala mara mbili kwa mapana, apate kugeuka bila kujiumiza. Tangi la kadiri, la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, hubeba lita 300, yaani kilo 300 za maji peke yake. Meza ya kawaida hailiwezi.

Kwa kipimo hicho kambale hafai, maana hupita mita 1, hustahimili kutoka majini kwa kuwa huvuta hewa, na usiku wa mvua huweza kutambaa akaufikia mfereji mwenyewe. Kuhe wa Ziwa Tanganyika, afikaye sentimita 80, hafai. Sangara asitajwe kabisa.

Afaaye ni kama Nimbochromis livingstonii wa Ziwa Nyasa, asiyezidi sana sentimita 25, ambaye hulala ubavu mchangani kana kwamba amekufa, na samaki wadogo wanapomkaribia kumdonoa, huwanyakua. Mfuge dume mmoja, pamoja na samaki wasioenea kinywani mwake. Maji ya ziwa lake yana ukali wa magadi, kwa hiyo weka mawe ya chokaa; tangi lifanye kazi na kichujio chake wiki nne hadi sita kabla ya kumtia, mpaka bakteria waweze kuigeuza amonia itokanayo na kinyesi; badilisha robo ya maji kila wiki; mlishe vipande vya samaki na dagaa, wala usimpe vidagaa vya majarubani, kwani huja na maradhi na dawa za mashambani.

Idhini

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake ndizo zinazosimamia samaki hai na upandikizaji wao. Muone Afisa Uvuvi wa wilaya kabla ya kusafirisha samaki. Yeye atakueleza masharti yakuhusuyo.

Ukishindwa naye

Kushindwa si aibu, na ofisi yetu, ambayo haijachoka kuonya wala haitachoka, humpokea kwa heshima kila ajaye kuuliza. Mrudishe samaki kwa mwuzaji, au mpe mfugaji mwenye tangi kubwa zaidi, au mpeleke kwa Afisa Uvuvi. Yote yakishindikana, muue upesi bila kumtesa, umfukie mbali na maji. Hata kambale uliyemtoa mferejini usimrudishe, maana huenda ameambukizwa maradhi na wageni aliokaa nao. Kadhalika maji ya tangi yamwage shambani penye udongo mkavu, wala si mferejini, kwa kuwa mayai na vimelea havionekani kwa macho.

Wazazi wawafundishe watoto, wauzaji wawaambie wanunuzi, na jirani amwonaye jirani yake akielekea mferejini na ndoo yenye samaki amzuie kwa maneno mema kabla hajamwaga, kwa sababu akisha kumwaga hakuna ofisi, hata yetu, iwezayo kumrudisha.