Hukumu ya Deni na Mkopo wa Nyumba

Katika Uingereza na Wales mtu aliyeamriwa na mahakama kulipa deni huandikwa katika daftari la hukumu, nao wakopeshaji hulisoma. Je, mtu huyo aweza kupata mkopo wa kununua nyumba? Aweza, lakini na ayafahamu mambo haya matatu.

1. Akilipa deni lote kabla ya mwezi mmoja kupita tangu hukumu, na kutoa ushahidi wa malipo, habari yake hufutwa.

2. Akichelewa, hudumu daftarini miaka 6. Hata hivyo na alipe, maana huandikwa kwamba amelipa, na wakopeshaji hupambanua aliyelipa na asiyelipa. Tena deni lisilolipwa halifi kwa kuondoka daftarini.

3. Asifiche neno, kwa kuwa mkopeshaji hutazama mwenyewe.

Hukumu ikiwa ya zamani na deni dogo, mlango hufunguka upesi zaidi. Wako wakopeshaji wawapokeao watu wa namna hii mapema, ila hutaka riba kubwa na fedha nyingi za kutanguliza. Basi na apime: pengine kungoja mwaka mmoja kwafaa kuliko kulemewa miaka 25. Dawa ya deni ni kulipa.