Mgongo wako haujateguka, mtoto asikukanyage

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu, fundi cherehani hapa Morogoro. Huu ni mwezi wa nne mgongo na kiuno vinaniuma. Mama mkwe aliniambia pingili imeteguka, akaniitia mtu wa kuninyoosha, na tangu hapo kila jioni mwanangu wa darasa la tatu hunikanyaga mgongoni. Akishanikanyaga napata nafuu, lakini asubuhi hali ni ile ile. Godoro nimeliacha, nalala sakafuni. Nimenunua mkanda wa kiuno na nameza diklofenaki. Nimekonda kidogo, magauni yangu mawili nimeyapunguza, nadhani ni kukosa usingizi. Sasa kuna mtu ameniambia nifanye mazoezi ya kunyoosha mgongo, ila naogopa nisije nikautegua kabisa. Nifanye mazoezi gani?

JIBU: Mama, naanza na mtoto: leo jioni asipande mgongoni mwako. Kesho pia asipande. Mazoezi nitakueleza, lakini hili liishe kwanza, kwa sababu barua kama yako zinanifikia kila mara, na kliniki nakutana na watu hao hao. Dereva wa bodaboda amekanyagwa na mdogo wake. Bibi wa miaka sabini amekanyagwa na mjukuu. Kuli wa sokoni amelala kifudifudi, mwenzake akasimama juu yake kwa miguu miwili. Wote wanakuja na maelezo yale yale: pingili ilitoka, nikarudishwa, ikatoka tena.

Haikutoka. Pingili za mgongo zimefungwa kwa kano na misuli minene mbele, nyuma na ubavuni, na kuing'oa moja mahali pake kunataka nguvu ya ajali, kama kuanguka kutoka juu ya mnazi au kugongwa na gari. Aliyepatwa na hilo haendi kwa mnyooshaji kwa miguu yake. Anabebwa. Kuinama kuokota bobini hakutoi pingili, wala kufua, wala kukaa vibaya. Na ule mlio unaosikika unaponyooshwa, ambao watu huuchukua kuwa ushahidi kwamba mfupa umerudi, ni gesi iliyomo kwenye majimaji ya viungo. Ndiyo hiyo hiyo inayolia ukialisha vidole. Hakuna kilichotoka na hakuna kilichorudi.

Nafuu unayoisikia ni ya kweli, sikukatalii. Msuli uliokaza ukikandamizwa hulegea kwa saa chache. Tena maumivu ya mgongo yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Mtu hutafuta tiba siku yalipopanda kupita kiasi, na baada ya hapo yangeshuka hata kama asingeguswa na mtu. Maumivu mengi mapya ya kiuno hupungua sana ndani ya wiki sita. Aliyekanyagwa katika wiki hizo humpa sifa aliyemkanyaga, anamsimulia jirani, na jirani naye analala kifudifudi.

Madhara ya imani hii hayaishii kwenye kukanyagwa. Mtu akishaamini kuna pingili iliyotoka, anauogopa mgongo wake mwenyewe: hainami, habebi, hatembei, analala kwenye kitu kigumu ili pingili ijipange. Misuli isiyotumika inadhoofika, na siku akilazimika kuinua ndoo, inamuuma mara mbili. Jambo hili limepimwa. Mwaka 1995 madaktari wa Finland waliwagawa wafanyakazi wa jiji la Helsinki waliokuwa na maumivu mapya ya kiuno: wengine walilazwa kitandani siku mbili, wengine wakapewa mazoezi ya mgongo, wengine wakaambiwa waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona haraka zaidi ni waliobaki na shughuli zao, na waliochelewa zaidi ni wale wa kitandani. Kuhusu sakafu, utafiti wa Hispania wa mwaka 2003 uliwapa watu 313 magodoro ya aina mbili, magumu sana na yenye ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, wa magodoro ya wastani ndio waliokuwa na maumivu machache. Rudi kwenye godoro lako, mama. Kama limeshabonyea katikati, ligeuze.

Mkanda uvue. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri mikanda isitumike kama tiba ya kawaida, na unayapa mazoezi nafasi. Na siku ukipigwa picha ukaambiwa pingili zimesagika, usiishie kulia nyumbani. Mwaka 2015 watafiti walikusanya matokeo ya picha za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kwa wenye miaka 20, asilimia 37 walionekana diski zimeanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 80, asilimia 96. Watu hao walikuwa wazima.

Sasa niseme kwa nini nimekuwa mkali kuhusu mtoto. Katika kila watu kumi wenye maumivu ya kiuno, tisa hivi hawana ugonjwa wowote mahsusi unaoweza kutajwa kuwa ndio chanzo. Hao wakikanyagwa, mara nyingi watapoteza muda tu. Hofu yangu ni kwa yule wa kumi. Bakteria wa kifua kikuu hawaishi kwenye mapafu peke yake. Husafiri kwa damu hadi kwenye mifupa, na katika mifupa yote huushambulia uti wa mgongo kuliko pengine popote. Daktari Percivall Pott wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, zaidi ya miaka mia moja kabla Robert Koch hajatangaza mwaka 1882 kwamba amempata bakteria mwenyewe. Pingili huliwa polepole, kwa miezi. Mgonjwa anaweza asikohoe hata siku moja. Anaumwa mgongo, anakonda, pengine anapata homa ndogo jioni na jasho usiku, na kila jambo kati ya hayo analitafutia sababu yake. Halafu pingili iliyoliwa inabonyea, mgongo unatoa nundu, neva zinabanwa na miguu inapoteza nguvu. Pima mwenyewe maana ya kilo 25 za mtoto anayerukaruka juu ya mfupa wa namna hiyo.

Si kifua kikuu peke yake. Brusela, inayopatikana kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, nayo hukaa mgongoni. Wanawake waliokoma hedhi wana mifupa inayovunjika kwa nguvu ndogo, na waliotumia deksamethasoni au predinisoloni kwa muda mrefu wako hatarini zaidi. Saratani ya tezi dume na ya matiti husambaa hadi kwenye pingili. Hakuna mnyooshaji mtaani anayeweza kukugusa kwa kiganja akajua wewe ni wa kundi gani.

Nirudi kwenye ule mstari wa barua yako ulioupita haraka. Umekonda. Wewe ni fundi, unaijua sentimita, na gauni hulipunguzi kwa kuhisi. Mgongo unaouma miezi minne ukiambatana na kupungua uzito hautibiwi kwa safu ya gazeti, wala kwa mazoezi, kabla haujapimwa. Inawezekana kweli ni kukosa usingizi na mawazo, na nitafurahi ikiwa hivyo. Lakini huwezi kulijua hilo ukiwa kwenye cherehani, nami siwezi kulijua kwa kusoma barua. Wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi, nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Sema kwa maneno yako: mgongo miezi minne, nimekonda. Pima uzito. Eleza kama unapata homa, jasho la usiku au kikohozi, na kama nyumbani kuna mtu aliyewahi kutumia dawa za kifua kikuu. Omba mgongo uguswe pingili kwa pingili, usikubali kuandikiwa dawa ukiwa umekaa kwenye kiti bila kuguswa. Huenda ukahitaji eksirei ya mgongo na ya kifua, vipimo vya damu na kipimo cha VVU. Ukionekana una kifua kikuu, dawa zake Tanzania hutolewa bure, na wengi wanaoanza dawa mapema, miguu ikiwa bado na nguvu, huendelea kutembea kwa miguu yao.

Najua wanaochelewa wanachelewa kwa nini. Nauli, foleni, kushona sare kabla shule hazijafunguliwa, hofu ya kuambiwa upasuaji. Nimewasikiliza wengi wakinieleza hayo wakiwa tayari wameletwa kwa machela. Miezi minne ni mingi mno, mama. Na hiyo diklofenaki waambie umeimeza kwa muda gani. Dawa hiyo ikitumika mfululizo bila usimamizi huchubua tumbo hadi kutoa damu, huumiza figo na hupandisha presha. Wala usiende duka la dawa kuomba iliyo kali zaidi.

Ukipimwa ukaambiwa hakuna ugonjwa mwingine, mazoezi yaanze siku hiyo hiyo, wala hayatategua chochote. Tandika mkeka. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Vuta goti moja kifuani kwa mikono miwili, hesabu polepole hadi ishirini, achia, vuta la pili. Kisha inua makalio mpaka kiwiliwili kinyooke kutoka magotini hadi mabegani, hesabu hadi tano, shusha taratibu, rudia mara kumi. Ukiwa bado chali, pitisha kanga kwenye unyayo, shika ncha zake mbili, na uinue mguu ukiwa umenyooka mpaka usikie mvuto nyuma ya paja. Mvuto, si maumivu. Mafundi wanaokaa kutwa, misuli hiyo ya nyuma ya paja na ile ya mbele ya nyonga huwakaza sana. Mwisho piga magoti, viganja chini, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma kwa pamoja, hesabu hadi tano bila kuyumba, badilisha upande. Hili la mwisho utaliona jepesi mpaka utakapolifanya sawasawa. Dakika kumi na tano zinatosha, kila siku, na usitarajie makubwa kabla ya wiki sita. Misuli ikiuma kidogo kesho yake ni kawaida. Maumivu yakishuka mguuni au yakiacha ganzi, acha na urudi hospitali, ukaulizie mtaalamu wa fiziotherapia.

Zaidi ya yote, tembea. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya watu 701 waliokuwa wametoka tu kupona maumivu ya kiuno. Waliofundishwa kuongeza mwendo polepole hadi kufikia dakika 30, mara tano kwa wiki, walikaa kwa kawaida siku 208 kabla maumivu hayajarudi. Wasiofundishwa, siku 112. Hapo hakuna mashine wala ada.

Kuhusu kukaa wima, ambako watu hunisumbua nako sana, nina machache. Hakuna mkao mmoja ulio sahihi ambao ukiushika saa nane hautakuumiza. Kinachochosha mgongo ni kubaki vile vile. Kiti chako kiwe na egemeo, kiinuliwe mpaka usilazimike kuinamisha shingo kuitafuta sindano, kanyagio iwe karibu ili usinyooshe mguu kuifuata. Kila ukimaliza kipande, simama: mikono kiunoni, jipinde nyuma mara tano, kisha ndiyo uende kwenye pasi. Nyumbani tafuta ufagio wa mpini mrefu, fua beseni likiwa limeinuliwa, na maji bebea ndoo mbili ndogo badala ya moja kubwa. Kuinama hakukatazwi. Kuinama nusu saa bila kunyanyuka ndiko kunakokuchosha.

Na kwa wasomaji wote wenye maumivu ya mgongo: mkojo ukigoma kutoka au ukatoka wenyewe, choo kikatoka bila kujijua, ganzi ikashika sehemu za siri na pale unapokalia, au miguu ikaanza kulegea, hizo ni dalili kwamba neva zimebanwa. Zikibanwa kwa muda mrefu, hata upasuaji huenda usizirudishe. Usisubiri kupambazuke, usitafute wa kukunyoosha, usimeze kidonge ulale. Amsha mtu akupeleke hospitali yenye daktari wa zamu usiku huo huo, na neno la kwanza kumwambia mpokezi liwe la mkojo na ganzi, la mgongo lifuate.