KUFUNGA NA KUBANA MAFAILI KWA AMRI ZA KIBODI

Kila muhula unapokaribia kwisha wanafunzi huja katika chumba cha kompyuta, flashi mkononi, wakilalamika, "Mwalimu, mafaili hayaenei." Nami huwajibu kwamba flashi si ndogo, ila mizigo yao haikufungwa. Nimeona yafaa niandike habari hii katika gazeti letu ili wote waisome, pamoja na wazazi ambao vijana wao huwaomba fedha za kununua flashi nyingine. Kazi hii yaweza kufanywa kwa kipanya, lakini mimi nitaeleza njia ya kuandika amri, maana mwenye kuandika amri hujua hasa alilolitenda, na amri ile ile hufaa kwa faili moja au kwa mafaili elfu.

Kwanza tutenge kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Pamba ya Usukumani ikifika kiwandani huchambuliwa, mbegu zikatolewa, kisha nyuzi hushindiliwa kwa mashine hata zikawa robota gumu lililofungwa barabara. Pale kushindilia na kufunga hufanywa mahali pamoja. Katika kompyuta kazi hizi ni mbili mbalimbali. Kufunga ni kuyakusanya mafaili mengi yakawa faili moja. Kubana ni kulifanya faili lichukue nafasi ndogo zaidi. Programu ya kufunga huitwa tar, na ya kubana huitwa gzip. Ile ya zip, ambayo wengi wenu mmeizoea, hufanya yote mawili: hulibana kila faili peke yake, kisha huyaweka pamoja.

Tar ni mzee. Ilitoka mwaka 1979 pamoja na toleo la saba la Unix, mfumo uliotengenezwa na Bell Labs huko Marekani. Siku hizo akiba ya mafaili iliwekwa katika tepu za sumaku, na jina la tar lilifupishwa kutoka maneno yenye maana ya hifadhi ya tepu. Tepu husomwa tangu mwanzo kuendelea mbele, wala hairukiwi katikati kama kurasa za kitabu. Basi tar huyapanga mafaili kwa mstari, moja nyuma ya jingine. Kila faili hutanguliwa na cheti chake cha baiti 512, chenye jina, ukubwa, tarehe na ruhusa za faili hilo. Yaliyomo nayo hukatwa vipande vya baiti 512, na kipande cha mwisho kisipojaa hujazwa sifuri. Kwa hiyo tar peke yake haipunguzi kitu, bali huongeza. Mwanafunzi mmoja alifunga faili lenye herufi tano tu, akaja mbio kuniambia kwamba robota lake lina baiti 10,240 na kwamba kompyuta imeharibika. Haikuharibika. Tar tunayoitumia hapa huandika kwa mafungu ya vipande 20, na 20 mara 512 ni 10,240.

Sasa tuje kwenye amri yenyewe. Tuseme tunayo folda iitwayo hali-ya-hewa. Tutaandika hivi:

tar -czf hali-ya-hewa.tar.gz hali-ya-hewa

Herufi c humwambia tar aunde robota jipya, z kwamba alibane kwa gzip, na f kwamba neno linalofuata ndilo jina la robota. Angalieni sana hapo. Jina la kwanza ni la robota, na yanayofuata ni ya vitu vinavyotiwa ndani. Mwenye kusahau jina la robota akaandika tar -czf mvua-2022.txt mvua-2023.txt hatapata onyo lo lote. Tar itadhani kwamba mvua-2022.txt ndilo robota linalotakiwa, itafuta yaliyokuwamo na kuandika juu yake. Mvua ya mwaka mzima imekwenda, wala kompyuta haikusema neno.

Kufungua ni tar -xzf na jina la robota. Kutazama yaliyomo bila kufungua ni tar -tzf. Mwenye kutaka kubana faili moja tu ataandika gzip na jina la faili, lakini ajue kwamba gzip ikimaliza huliondoa faili la asili na kuacha lililobanwa peke yake, lenye mkia wa .gz. Asiyetaka hivyo ataandika gzip -k.

Huenda msomaji akauliza: faili lapunguaje, na hali hakuna neno linalotupwa? Hapa ndipo penye utamu. Gzip iliandikwa na Jean-loup Gailly wa Ufaransa na Mark Adler wa Marekani, ikatoka mwaka 1992, kwa kuwa programu iliyotumika kabla yake ilikuwa na matata ya hataza. Ndani yake mna fikra mbili za watu waliotangulia.

Fikra ya kwanza ni ya Abraham Lempel na Jacob Ziv, waliyoitangaza mwaka 1977: jambo lililokwisha kusemwa lisirudiwe, bali ionyeshwe mahali liliposemwa. Chukueni methali hii: haraka haraka haina baraka. Ukihesabu na nafasi zilizo katikati ya maneno utapata herufi 26. Tuandike "haraka" na nafasi moja, jumla herufi 7. Sasa badala ya kuendelea kuandika, tuseme: rudi nyuma hatua 7, nakili herufi 9. Mtasema, herufi 9 zatoka wapi na nyuma zimo 7 tu? Jaribuni kwa kalamu. Ukikwisha kunakili zile 7, mbili zilizobaki utazikuta katika hizo ulizoandika sasa hivi, nazo ni "ha". Hapo twaandika wenyewe "ina", nafasi, na "b", kisha twasema: rudi nyuma hatua 13, nakili herufi 5, nasi twapata "araka". Methali imetimia, na katika herufi 26 tumeandika 12 tu kwa mkono wetu. Gzip hufanya vivyo hivyo, ikikumbuka baiti 32,768 zilizopita, na kila mara yaweza kunakili hata baiti 258.

Fikra ya pili ni ya David Huffman. Mwaka 1951 alikuwa mwanafunzi huko MIT, na mwalimu wake, Robert Fano, aliwapa wanafunzi hiari ya kufanya mtihani wa mwisho au kuandika makala juu ya swali gumu. Huffman alichagua makala. Akahangaika miezi kadhaa, na alipokuwa karibu kukata tamaa na kurudia vitabu vyake vya mtihani, jibu likamjia. Lilichapishwa mwaka 1952. (Wanafunzi wasije kwangu kuomba hiari kama hiyo kwa mtihani wa muhula huu.)

Kwa kawaida kila herufi huandikwa kwa biti 8. Huffman alitaka herufi inayotokea mara nyingi ipewe alama fupi, na ile adimu ipewe ndefu. Katika neno BARAKA, A yatokea mara 3, na B, R na K mara moja moja. Njia yake ni kuunganisha zile zilizo adimu kwanza: B na R huwa kundi moja lenye 2, kundi hilo na K huwa 3, na mwisho huunganishwa na A. Hivyo A hupewa 0, K hupewa 10, B hupewa 110, na R 111. Neno zima huwa 11001110100, yaani biti 11 badala ya 48. Wala msomaji hatapotea, kwa kuwa hakuna alama iliyo mwanzo wa alama nyingine. Bila shaka kompyuta huhitaji kupewa na orodha ya alama hizo, kwa hiyo kwa neno moja faida ni ndogo. Kwa kitabu kizima ni kubwa.

Hata hivyo si kila kitu hubanika. Picha za JPEG, nyimbo za MP3 na filamu zilikwisha kubanwa zilipotengenezwa, na ukizibana tena hutapata kitu. Wala asidhani mtu kwamba ipo programu iwezayo kufupisha kila faili. Tazameni mafaili ya biti 3: yapo 8. Mafaili mafupi kuliko hayo ni 2 ya biti moja na 4 ya biti mbili, jumla 6. Ni kama kuwalaza wanafunzi 8 katika vitanda 6 na kutaka kila mtu awe na kitanda chake.

Jambo hili la picha ndilo lililonifikisha katika aibu niliyoipata. Chama chetu cha jiografia kilikuwa kimeandika kwa miaka mitano kipimo cha mvua na joto cha kila asubuhi, na kila siku mwanafunzi wa zamu alipiga picha ya mawingu. Diski ya kompyuta ilipojaa, nilifunga folda yote. Robota halikupungua sana, maana picha ndizo zilizokuwa nyingi. Nikafuta folda ya asili, nikalihamisha robota kwenye flashi kwa amri ya mv, kompyuta ikarudisha alama yake kuonyesha kwamba kazi imekwisha, nami nikachomoa flashi nikawahi basi.

Kumbe haikuwa imekwisha. Kompyuta huiandikia flashi polepole, nayo yaweza kusema tayari wakati sehemu ya mzigo ingali katika kumbukumbu yake. Nilipofungua robota kwenye kompyuta nyingine niliambiwa kwamba faili limekwisha kabla ya wakati wake. Kwa kuwa tar hupanga mafaili kwa mstari, yaliyotangulia yalitoka salama, na yaliyokuwa nyuma hayakuwapo. Wala hayakuwa yale ya mwaka wa mwisho, kama nilivyotazamia, bali ya mwaka wa pili na wa nne, kwa sababu tar huyachukua jinsi folda inavyoyatoa, si kwa tarehe. Vipimo tuliviandika upya kutoka daftari la karatasi. Wanafunzi wanne walitoa Jumamosi mbili zao. Picha za miaka hiyo miwili hazikupatikana tena, na kijana aliyeanzisha zamu ya mawingu aliponiuliza habari zake sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo sifuti kitu ila kwa utaratibu huu. Nikikwisha kufunga, naandika tar -dzf na jina la robota, nayo hulinganisha yaliyomo na mafaili yaliyo katika diski. Isiponijibu kitu, yote ni sawa. Kisha naandika sha256sum na jina la robota, nami napata mfululizo wa alama 64 ambao ni kama alama ya dole gumba la faili hilo. Nalinakili robota kwenye flashi kwa cp, wala si kwa mv, naandika sync na kungoja, natoa flashi kwa taratibu zake, kisha naichomeka katika kompyuta nyingine na kuandika sha256sum tena. Alama zote 64 zikilingana, nakala imefika nzima. Naweka nakala ya pili mahali pengine, na hapo tu ndipo naandika rm.

Kompyuta zetu za shule hutumia Linux, na amri zote nilizozitaja zimo. Wenye Windows nyumbani wataikuta tar katika dirisha la amri tangu matoleo ya mwaka 2018, ila sync na sha256sum hawatazipata pale kwa majina hayo.

Zoezi. Andikeni neno MATATA kwa njia ya Huffman na kuonyesha jinsi mlivyoyaunganisha makundi. Mimi nimepata biti 9. Ye yote atakayepata 8 aje na kazi yake yote, maana nitataka kuona alama mbili zilizofanana mwanzo. Madaftari yaletwe chumba cha kompyuta kabla ya kufunga shule.