Nafasi ya Kugeuka

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kwetu Mella, Tororo, jirani na mpaka wa Malaba, ami yangu ana miwani inayogeuka. Akitoka msikitini baada ya Adhuhuri, lenzi hutia giza. Akirudi ndani, baada ya dakika chache huwa angavu tena. Nilimwuliza rafiki anayesoma kemia, akanieleza.

Ndani ya lenzi hizo za plastiki mna molekuli za rangi. Mionzi ya jua ya urujuanimno ikizipiga, kifungo kimoja hukatika, molekuli hufunguka na kulala bapa, kisha huanza kunyonya mwanga tunaouona. Kivulini, joto huirudisha kwenye umbo lake la awali. Ndiyo maana siku ya joto kali miwani haikolei kama siku ya baridi.

Lakini kugeuka kunahitaji nafasi. Spiropirani ni jamii mojawapo ya molekuli za namna hii. Zikibanana katika unga mkavu, nyingi hazigeuki hata zikimulikwa, kwani hazina pa kujinyoosha. Wanakemia wakaziweka katika mada ngumu zenye vyumba vidogo mno, zilizojengwa kwa metali na molekuli za kaboni mithili ya nyumba yenye nguzo. Humo ziligeuka, zikarudi. Kwa kuasisi mada hizo, Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi, mzaliwa wa Amman katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025.

Sidai kwamba Qur'ani ilitaja molekuli. Tusiibebeshe Aya yasiyomo. Ila Suratul Mujadala, aya ya 11, inatufunza kupeana nafasi katika majlisi, na naona adabu hiyo haiishii kwenye mkeka.

Mwaka jana kijana aliyeanza kurejea kwenye Swala alikuja kwenye darsa letu. Kabla hajakaa, nilishamkosoa suruali, nywele, na salamu aliyoikosea. Huenda nilisema kweli tupu. Hakurudi tena. Nuru ilikuwa imemfikia; mimi ndiye niliyembana.

Bedui alipokojoa msikitini, Mtume (S.A.W.) aliwazuia Maswahaba wasimkatize, akaamuru pamwagiwe maji, kisha akamfundisha kwa upole.

Basi mgeni akiingia kwenye darsa lijalo, kwanza tusogee. Tumwulize jina na hali. Masahihisho yana wakati wake.

Wallahu a'lam.