Mgeni wa Karibu Asiachwe Mlangoni

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.5 kutoka nje. Korona ikaja, na 2020 wakabaki kama 620,000. Mwaka 2023 walivuka milioni 1.8. Takwimu zimepona; mwenye hoteli ndogo au gari moja la safari bado ana kazi, hasa ya kumkaribisha mgeni wa hapahapa nchini. Aanzie hapa.

1. Wakumbuke watu wako. Jirani yangu wa Moshi ni mgumu, ndivyo tunavyowaita wapagazi wa Kilimanjaro. Ndege ziliposimama aliuza buti zake za mlimani, akanunua magunia mawili ya mkaa, akawa anapima kwa kopo barazani. Safari ziliporudi akaitwa kazini, miguuni ana kandambili. Bosi wake akamnunulia buti, akawa anamkata kidogokidogo kila anaposhuka mlima. Nawe fanya hivyo. Mtu anayeijua njia ya Machame usiku, kwenye baridi na mzigo kichwani, hapatikani kwa tangazo.

2. Taja bei kwa shilingi. Bei ya dola humwambia mtu wa Morogoro kwamba hakualikwa. Andika bei ya familia nzima, chakula kikiwemo, na lipa namba iwe chini yake.

3. Usifunge masika. Aprili na Mei wazungu hupungua na vitanda hulala vitupu. Waite vikoba, kwaya, wanandoa wapya, uwapunguzie kweli.

4. Toka nje ya Serengeti. Kitulo, wanayoiita Bustani ya Mungu, huchanua wakati wa mvua. Kilwa Kisiwani ni urithi wa dunia tangu 1981, na safari moja tu ya magofuni humlipa mwenye boti, mwongozaji wa kisiwani na mama aliyepika samaki. Hapo ndipo ningeweka nguvu zangu zote.

5. Maji na sabuni vya wakati wa korona vibaki mlangoni.

6. Tembea mwenyewe. Mwaka 2022 Rais Samia aliitembeza dunia nchini mwetu kwa filamu ya The Royal Tour. Wewe una simu. Barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza katikati ya Mikumi, na kila siku abiria wanachungulia twiga dirishani, basi linapita. Safari ijayo shuka, lala usiku mmoja, piga picha, weka statasi. Taja na bei uliyolipa, maana ndilo swali la kwanza watakalokuuliza.