AFYA: Kagua Kifaa Kabla Hakijakuumiza



Kiangazi ni wakati wa kujenga. Mavuno yameingia ghalani na matofali yamekauka. Kijiji kinajenga darasa. Mtu mwingine anajenga nyumba, mwingine choo. Watu huleta nyundo, sururu na ngazi kutoka nyumbani. Baadhi ya vifaa hivyo ni vizima. Vingine ni vibovu, lakini huletwa hivyo hivyo kwa sababu hakuna vingine.

Kila fundi anajua kuwa kifaa kibovu huchelewesha kazi. Lakini kifaa hicho pia huvunja mifupa, hupofusha macho na huweza kuleta pepopunda. Ndiyo maana leo tunakizungumzia katika ukurasa wa afya.

Kifaa kilichovunjika kabisa hakimdanganyi mtu, kwa kuwa hakuna atakayekitumia. Kifaa cha hatari ni kile kinachofanya kazi leo na kukataa kesho. Watu hukizoea. Husema, "Kimefanya kazi jana, kitafanya na leo." Lakini kifaa kibovu, kama mtu mgonjwa, huwa na dalili. Tujifunze dalili hizo.

1. NYUNDO, SHOKA NA SURURU

Dalili: Kichwa kinacheza, au mpini una ufa.

Shika mpini, kisha utikise kwa nguvu kichwa kikiwa kimeelekea chini. Kikicheza, usikitumie. Kichwa cha sururu kikichomoka, huruka na kumpiga aliye mbele au aliye nyuma yako.

Watu wengi hulowesha mpini katika maji ili ukaze. Mti ukilowa huvimba, na kichwa hukaza. Lakini mti ukikauka hunywea, na kichwa hulegea kuliko mwanzo. Kwa hiyo maji si dawa. Dawa ni kabari iliyopigwa vizuri. Mpini wenye ufa usifungwe kwa kamba wala kwa mpira. Tengeneza mpini mpya wa mti mgumu, ulionyooka na uliokauka.

2. TINDO

Dalili: Kichwa cha tindo kimechanua kama uyoga.

Tindo hugongwa kwa nyundo siku nyingi. Chuma chake hutanuka na kufanya ncha pembeni. Siku moja ncha hiyo hukatika na kuruka kwa kasi. Kipande kidogo kuliko punje ya mchele kinaweza kuingia ndani ya jicho na kulipofusha.

Ondoa ncha hizo kwa tupa, au peleka tindo kwa mhunzi. Hata kama tindo ni zima, vaa miwani ya kukinga macho unapovunja jiwe au zege.

3. NGAZI NA JUKWAA

Dalili: Kidato kina ufa, misumari imelegea, kamba zimeoza, au mti umeliwa na mchwa.

Gonga kila mti kwa jiwe dogo. Mti ulioliwa ndani hutoa sauti ya kitu kitupu. Usitumie mti huo.

Simamisha ngazi mahali pagumu pasipoteleza. Ikiwa ngazi inagusa ukuta mita 4 juu, chini iwe mita 1 kutoka ukutani. Ikisimama wima sana huanguka nyuma. Ikilala sana huteleza. Mtu mmoja aishikilie chini. Usirundike matofali mengi juu ya jukwaa. Jukwaa lililobeba watu wawili jana linaweza kuvunjika leo kwa uzito wa matofali.

4. MASHINE YA KUFYATULIA MATOFALI

Vijiji vingi hutumia mashine ya mkono ya kushindilia udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Mashine ya namna hii iitwayo CINVA-Ram ilibuniwa huko Kolombia katika miaka ya 1950, ikaenea katika nchi nyingi. Ina mkono mrefu wa chuma ambao fundi huuvuta chini kwa nguvu.

Dalili: Pini imepinda au imelika, au ndoano inayozuia mkono haishiki vizuri.

Mkono huo ukiponyoka, unaweza kumvunja mtu taya. Mara nyingi mashine huharibika kwa sababu ya kujaza udongo kupita kiasi. Mkono ukikataa kushuka, usiite mtu wa pili auning'inie. Usiongeze bomba ili upate nguvu zaidi. Fungua mashine, punguza udongo, halafu vuta tena. Watoto wasisimame karibu.

Ikiwa mashine ni ya injini, kama ile ya kuchanganyia zege, izime kwanza. Usiingize mkono wala koleo ndani ya mashine inayozunguka. Nguo inayoning'inia huweza kunaswa na mkanda.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila asubuhi kabla ya kazi, msimamizi na mafundi wakague vifaa vyote. Kazi hii ni ya muda mfupi tu.

Pili, kifaa kibovu kifungwe kitambaa chekundu na kuwekwa kando. Kikirudishwa kimya kimya kwenye rundo, mtu mwingine atakiokota.

Tatu, kijiji kiwe na tupa, kabari, misumari na kamba za kutengenezea vifaa. Vitu hivi ni rahisi kuliko matibabu.

Nne, asiwepo mtu wa kuchekwa kwa sababu amekataa kifaa kibovu. Kukataa huko si uvivu. Vijana huogopa kusema mbele ya mafundi wakubwa. Kwa hiyo mafundi wakubwa wawaulize. Na ikiwa umeajiriwa, jua kuwa Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mwajiri ana wajibu wa kulinda usalama wako kazini.

MTU AKIUMIA

Jeraha: Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Lioshe kwa maji safi na sabuni. Usipake udongo, majivu, wala mavi ya ng'ombe. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya wanyama. Huingia kwa urahisi katika jeraha lenye kina, kama la kuchomwa na msumari. Kutu yenyewe siyo ugonjwa. Msumari mpya wenye udongo nao ni hatari. Nenda zahanati siku hiyo hiyo na uulize kuhusu chanjo.

Pepopunda huanza mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 21. Taya hukaza, shingo hukakamaa, na mwili hupata mishtuko. Ugonjwa huu huua. Wanawake wajawazito huchanjwa kliniki, lakini mwashi mwanamume haendi huko. Basi asingoje kuumia. Aende zahanati aulize chanjo.

Jicho: Usilisugue. Kipande kikiwa kimechoma jicho, usikitoe. Lifunike bila kulibonyeza, kisha mpeleke mtu hospitali haraka. Vumbi likiingia, osha jicho kwa maji mengi safi.

Kuanguka: Aliyeanguka asiinuliwe kwa kuvutwa mikono. Akiumwa shingo au mgongo, au akishindwa kusogeza miguu, asigeuzwe ovyo. Mmoja ashike kichwa kisiyumbe. Watu kadhaa wamwinue kwa pamoja mwili ukiwa umenyooka, wamlaze juu ya ubao mpana na kumpeleka hospitali.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa nyumba unaweza kujengwa upya. Jicho lililopasuka halijengwi. Kesho asubuhi, kabla hujapanda ngazi, itazame.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini kulowesha mpini katika maji si dawa ya kudumu?
2. Taja dalili mbili za ngazi mbovu.
3. Mkono wa mashine ya matofali ukikataa kushuka, utafanya nini?
4. Ni vifaa gani vibovu vinavyotumika sasa katika ujenzi wa kijiji chetu? Nani atavitengeneza, na lini?